Sweta la Mwezi wa Saba

Ibra, Jumatano baada ya alasiri

Mwanangu Raya,

Salamu sikuandikii, maana tuko nyumba moja na tangu asubuhi umenipa shikamoo mbili, ya pili kwa kuwa ulisahau kwamba umeshatoa ya kwanza. Hali yangu unaijua: goti linauma na mdomo hauumwi. Nimejifungia chumbani. Weye umekwenda kuwaaga majirani, na kwa ninavyowajua majirani wa Ibra, hakuna nyumba itakayokuachia utoke bila ya kahawa, kwa hivyo nina nafasi ya kutosha. Kesho baada ya sala ya alfajiri baba yako atakupakia garini akupeleke Ashkhara, huko pwani ulikopangiwa kazi. Barua hii utaikuta mkobani ukishafika. Kama umeifungua njiani, basi kweli nimekuzaa miye.

Sitakwambia ule nini wala ulale saa ngapi. Umesomea unesi Maskati miaka mitatu, umeosha vidonda ambavyo miye nisingethubutu kuvitazama, sasa nikufundishe kunawa mikono? Na ile Maskati sikuihesabu kuwa ni kuondoka. Kila Alkhamisi ulirudi na furushi la nguo chafu. Hii ya kesho ndiyo safari. Nesi wa kwanza katika ukoo wetu, na barua ya serikali yenye muhuri! Nimewaambia wanawake wote wa mtaa huu, na wale waliokwisha kusikia nimewaambia tena. Raha niliyonayo leo siwezi kuificha wala sitaki kuificha.

Lakini wiki iliyopita, baba yako alipokupeleka kupaona mahala penyewe, ulirudi umekunja uso. Ulikaa jikoni, ukavua viatu, mchanga ukamwagika sakafuni, ukasema: "Mama, miye pale sikai. Kunanuka dagaa wametandazwa juani, joto linatoka juu na chini, na mti wa kukaa kivulini sikuuona. Mwezi mmoja tu, kisha naomba uhamisho. Wallahi, mwezi mmoja." Nami nikanyamaza. Hukustaajabu? Miye, kunyamaza! Nilinyamaza kwa kuwa maneno ya namna hiyo niliwahi kuyasikia zamani, kutoka kwa bibi yako, na mwenye makosa nilikuwa miye. Kisa hiki unakijua nusu tu, kwa sababu ulikuwa na miaka tisa, na kwa sababu nusu nyengine nimekuwa nikikuficha.

Sisi tulifika nchi hii ya Oman mwisho wa mwaka sabini na tatu, mwezi wa kumi na moja. Baba yako alipata kazi na wapimaji wa barabara, tukapanga nyumba ya udongo hapa Ibra, karibu na mashamba ya mitende. Tulipofika hali ya hewa ilikuwa nzuri, kisha ikaingia baridi. Mwezi wa kwanza ulinikuta nimejifunika mablanketi mawili na bado meno yanagongana. Nilishangaa sana. Kwetu Unguja mwezi wa kwanza ni kaskazi, jua la utosi, watu wanalala barazani kwa joto. Huku mwezi huo huo natoka moshi mdomoni alfajiri!

Bibi yako wakati huo alikuwa Mombasa kwa kaka yake, mjomba wangu Hilali. Tangu mambo ya sitini na nne kule Unguja alikuwa hana kwake. Alikuwa na kitanda kwa watu, chumba kwa watu, na kila barua aliyoniandikia ilimalizikia na maneno yale yale: "Sina raha, mwanangu, lakini sina pa kwenda." Miye ni mwanawe wa pekee. Nikaapa kuwa nitamleta akae na mimi mpaka Mungu atakapotutenganisha. Kilichobaki kilikuwa kumchagulia mwezi wa kuja.

Hapo ndipo akili yangu ilipojifanya akili. Nikasema moyoni: ikiwa kaskazi, wakati wa joto kwetu, huku ni baridi ya kutetemesha, basi mwezi wa saba, ambao kwetu ndiyo kipupwe na watu wanatafuta shuka nzito, huku itakuwa baridi kubwa zaidi. Tena nilijiona nimegundua jambo. Nikamwandikia: "Mama, njoo mwezi wa saba, ndiyo wakati mwema wa safari. Lakini jitayarishe kwa baridi. Fuma sweta, na uje umelivaa, usije ukashuka kwenye ndege ukapata mafua."

Unacheka. Cheka, una haki. Lakini mtu wa kuniambia alikuwapo, ukuta kwa ukuta. Ummu Nasir alikuwa akija kwangu kila asubuhi na birika la kahawa na sahani ya tende, kama walivyo wanawake wa hapa, na miye nilimpokea kwa adabu ya juu juu. Moyoni nilimdharau, Raya. Naliandika neno hili na mkono unaona haya. Yeye hajui kusoma, hajawahi kupanda ngazi ya skuli, na miye nimetoka Unguja mjini, nimesoma, nimefundisha. Nilipomwambia mama yangu anakuja mwezi wa saba, alinitazama, akacheka kidogo, akasema kwa Kiarabu chake cha Ibra, "Ya Ummu Raya, mwezi wa saba? Basi atakuja kula tende." Miye kicheko kile nikakichukulia kejeli. Nikanuna, sikumuuliza anakusudia nini. Swali moja tu lingetosha, na sikuliuliza.

Bibi yako akafika. Baba yako alikwenda kumpokea uwanjani, na miye nikasubiri mlangoni na weye umeshika ubani. Gari ikasimama saa nane za mchana. Sijui kama unaukumbuka mchana ule. Upepo ulikuwa unatoka jangwani, unapiga uso kama mtu kafunua tanuri. Mlango wa gari ukafunguliwa, akashuka mama yangu, mwanamke wa miaka sitini na kitu, uso umemwiva, jasho linamchuruzika mpaka kidevuni, na mwilini amevaa sweta la sufi nzito ya kijani, limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Hakulivua uwanjani, hakulivua njiani. Kwa nini? Kwa sababu mwanawe amemwandikia avae. Alidhani baridi iko mbele, iko Ibra.

Umeme wakati ule ulikuwa haujafika kwetu. Tulikuwa na mapepeo ya makuti na mtungi wa maji. Siku ya tatu bibi yako akaanguka uani. Siku ya tano akawa hali chakula. Nami badala ya kwenda kwa jirani nikamuuliza watu wa hapa wanafanyaje, nilifunga madirisha yote mchana na kumpa chai ya moto kama kwetu. Baba yako alikuwa kazini upande wa Sur, nyumbani niko peke yangu na woga wangu. Na woga, mwanangu, ukikosa pa kutokea hutokea mdomoni.

Siku moja bibi yako akaniambia, "Zuwena, umeniita kuja kuishi nawe au umenileta kunioka?" Maneno ya mgonjwa. Mwenye busara angecheka, akamroweshea kitambaa. Miye nikajibu, "Kama huwezi kuvumilia, rudi kwa kaka yako." Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole langu lingepona.

Alifunga mzigo wake siku ile ile. Mjomba Hilali alikuwa ameshampa chumba mtu mwengine, unaelewa? Yeye aliaga kabisa alipoondoka Mombasa, aligawa mpaka kitanda chake. Alirudi kwenda kulala kwenye mkeka sebuleni kwa mke wa kaka yake. Na mlangoni, kabla ya kupanda gari, alichukua lile sweta akalitia mikononi mwangu. "Hili baki nalo weye," akasema. "Baridi ya nchi yako siitaki."

Alikaa hapa siku kumi na mbili. Kisha miaka minne na nusu hakuniandikia hata mstari. Salamu zake nilizipata kwa mjomba, nazo zilikuwa za kukuulizia weye tu.

Nilimkosa mama yangu, Raya. Nilikuwa nikifungua sanduku la nguo, nikilikuta lile sweta, nafunga tena. Na haikuwa joto lililomfukuza. Joto ni la Mungu. Nilimfukuza kwa neno, na neno lilitokana na aibu ya kukosea, na kukosea kulitokana na kiburi cha kutouliza.

Basi siku moja nikajitia moyo, nikavuka kwa Ummu Nasir na birika langu mwenyewe. Nilimwambia kisa chote, kwa Kiarabu changu cha kubabaisha. Nilitegemea atanicheka. Alilia. Akasema, "Ya ukhti, mbona hukuniuliza?" Kisha akanikalisha akanisomesha nchi hii mwezi mmoja mmoja, kwa vidole vyake. Lini mvua ya baridi inashuka milimani, wadi, lile bonde kavu, ikateremsha maji mpaka watoto wakaoga. Lini upepo wa moto unaanza, na mtu anaishije nao: anaamka alfajiri, anafanya kazi kabla jua halijapanda, mchana analala, jioni anakwenda mashambani kutia miguu kwenye falaji, mfereji wa maji unaopita chini ya mitende, na usiku anapanda juu ya dari na shuka lililoroweshwa. Yote hayo ningeyajua kwa birika moja la kahawa. Miye yalinichukua miaka minne na nusu.

Nikamwandikia mama: "Nilikosea mwezi na nilikosea mdomo. Mwezi nimeshausahihisha, nimeuliza wenyewe. Mdomo naomba weye unisamehe. Njoo mwezi wa kwanza."

Jibu lilikuja kwa mkono wake, mstari mmoja: "Hilali ameshashughulikia tiketi. Nivae nini?"

Nilipiga kigelegele peke yangu jikoni mpaka sufuria ikaungua. Nikamjibu: vaa nguo nzito, huku ni baridi. Unajua alikuja amevaa nini? Dera jepesi na kanga mbili. Hakuniamini! Aliposhuka uwanjani aliniambia, "Safari ile ulinipika, safari hii sikupi nafasi." Nami nikacheka sikumbishia. Tulipofika Fanja, njiani kurudi Ibra, jua limeshatua, tukasimama tunywe chai, upepo ukateremka kutoka milimani. Nikamwona anajikunja, anajificha mikono ndani ya kanga, na hataki kusema. Nikaenda nyuma ya gari, nikafungua mkoba, nikalitoa lile sweta la kijani. Nililichukua makusudi. Nikamvika begani. Alilitazama, akaligusa vifungo kimoja kimoja, akasema, "Kumbe hukulitupa." Tukalia sote wawili mbele ya mkahawa, na mwenye mkahawa akatuletea chai ya pili asiitake thamani yake.

Mwezi ule na uliofuata nilimtembeza kama bibi harusi. Nilimpeleka Nizwa, akaona soko la mbuzi, akagombana kwa furaha na muuzaji mmoja juu ya mbuzi asiyekusudia kumnunua. Wadi yetu ilishuka, tukakaa ukingoni tukala machungwa na ndimu za chumvi. Miye niliringa kana kwamba mvua nimeiagiza miye. Na tiketi yake ya kurudi tuliiweka mwezi wa nne, kabla ya joto, kwa kuwa sasa nilikuwa na akili.

Mwezi wa nne ukafika. Nikamfungia mzigo. Akaufungua. Nikaufunga tena, akaufungua tena. "Mama," nikamwambia, "joto linakuja, lile lile." Akaniambia hivi, nami naliandika kama alivyolisema: "Mgeni ndiye anayechaguliwa mwezi. Miye hapa ni mgeni?"

Nikamsaidia kuufungua. Moyo wangu ulijaa hofu na furaha kwa pamoja.

Na mwezi wa saba ukaja, Raya, na huo unaukumbuka, ulikuwa na miaka kumi na minne. Asubuhi kabla ya jua kupanda Ummu Nasir alimgongea, wakaenda pamoja mashambani kwenye kupika tende. Unajua kazi ile: tende za mabsali huangushwa bado zimekaza, zikachemshwa kwenye masufuria makubwa ya shaba, zikaanikwa juani mpaka zikauka. Moto chini, jua juu. Nilimfuata mbio na mwavuli na chupa ya maji, nikiamini nitamkuta ameanguka. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa falaji, miguu ndani ya maji, kanga imeroweshwa kichwani, mkononi ana kijiti, anawaamrisha wanawake wa Ibra namna ya kukoroga sufuria. Na wanamtii! Aliponiona na mwavuli wangu akanicheka mbele ya watu. "Zuwena," akasema, "joto hili lina kazi yake. Pasipo hilo hizi haziivi."

Tulipeleka debe zima Mombasa, na ndani yake akatia karatasi kwa mjomba: "Hizi zimeiva kwa joto lililonikimbiza." Hiyo ndiyo siku niliyojua kuwa mama yangu amefika kwake. Tangu mwaka huo hajawahi kuikosa kazi ya tende, isipokuwa Ramadhani ilipoingia katikati.

Sasa turudi kwako na uso wako uliokunjika.

Weye umeipa Ashkhara siku moja, mwezi wa tano, saa sita za mchana. Bibi yako aliipa Ibra siku kumi na mbili, na bado alikosea, nami ndiye niliyemkosesha. Lakini safari hii sikukaa nikapiga akili. Jana nimevuka kwa Ummu Nasir na birika. Dada yake aliolewa Ashkhara, yeye anapajua. Nikamuuliza, "Mwanangu amepangiwa mahala pa moto na dagaa. Pana mwezi wowote mwema?" Alicheka kile kicheko chake, na safari hii nikamuuliza anacheka nini.

Akaniambia mwezi huu wa tano ndio mbaya kuliko yote, upepo wa zamani umekufa na mpya haujafika. Lakini mwezi wa sita bahari inageuka. Upepo unakuja kutoka kusini, mkali, wa maji, mawingu yanashuka mpaka ufukweni, na mwezi wa saba, wakati sisi Ibra tunaungua na masufuria yetu, watu wanapanda magari kupita Al Kamil kwenda kupoa Ashkhara. Wanawake, anasema, wanakaa nje na mashali mazito.

Upepo kutoka kusini, Raya! Nilisimama pale na kikombe mkononi. Hiyo ni kusi. Ni kusi yetu, ile ile inayoleta kipupwe Unguja. Baba yako amenionesha kwenye ramani yake: inapanda pwani yote ya Afrika, inavuka, na inakuja kugonga hapo hapo ulipopangiwa weye. Kwa hivyo mwezi wa saba ni baridi Oman. Nilisema tangu mwaka sabini na nne! Nilichokosea ni mahala tu. Nilimpigia kelele bibi yako habari hii kutoka mlangoni kabla sijavua viatu.

Sikulazimishi ukae. Ukiomba uhamisho, chumba chako kiko, na sitakwambia lile neno baya nililomwambia mama yangu, wala jengine la jamii yake. Nakuomba jambo moja. Usiihukumu nchi kwa mwezi uliokupokea. Tafuta mwanamke mmoja pale mwenye birika, hata awe hajui kusoma kipimajoto chako, umuulize mwaka wao unakwendaje. Ramadhani imekaribia, utafungulia futari kwa watu usiowajua, na najua utalia siku ya kwanza. Nami nitalia huku. Nitakukosa mpaka nitachoka. Lakini ulishawahi kuona watu wa nyumba hii wakishindwa na mwezi?

Bibi yako amenikuta naandika. Aligonga kwa mkongojo, akaingia bila ya kusubiri jibu, akataka nimsomee. Nimemsomea yote, hata yale ya kiburi changu. Nilipomaliza akaniambia, "Umesahau kuandika kuwa nami nilikuwa na ulimi." Haya, nimeandika.

Kisha akatoka, nikamsikia chumbani kwako anafungua begi lako. Usimwambie nimekwambia, lakini chini kabisa, chini ya sare zako nyeupe, kuna sweta la kijani limekunjwa. Vifungo amevikaza upya kwa uzi mweusi.

Anasema mwezi wa saba mwaka huu, watu wa tende watamwia radhi. Anakuja Ashkhara, na miye, na baba yako, na Ummu Nasir naye ameshajialika. Na anasema nikuandikie hivi hivi alivyosema: "Mwambie siku hiyo atoke nje kutupokea, na awe amelivaa."

Mama yako,
Zuwena